Mbele, Nyuma na Pikapu ya Mikate

Kaka yangu na mdogo wangu ni mafundi wa magari. Wana gereji moja, lango moja, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na hawasemezani. Nalitaja hili mapema usije ukadhani niliyowafanyia siku ile yalikuwa ukali wa mwanamke mwenye mdomo tu. Mdomo ninao, sikatai. Lakini walioanza ni wao.

Mkubwa anaitwa Mbele na mdogo anaitwa Nyuma. Wateja ndio waliowabatiza hivyo. Mkubwa hushughulika na injini, klachi na giaboksi. Mdogo hushughulika na difu, ekseli na propela, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Baba alipokuwa hai mgawanyo huo ulikuwa utani wa gereji. Alipofariki ukawa mpaka. Gari la mteja mmoja lilizimika njiani, Mbele akasema tatizo ni nyuma, Nyuma akasema tatizo ni mbele, wakashikana mashati huku mteja mwenyewe anawaangalia. Kesho yake nilikuta mapipa ya oili yamepangwa safu katikati ya gereji, kuanzia ukutani hadi langoni. Kilichobaki cha wote ni shimo, kwa sababu shimo halihamishiki.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Akishakaza bolti alichukua brashi ndogo na kuvuta mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilichokazwa. Bolti ikilegea kichwa kinageuka, mstari unakatika, na yeyote mwenye macho anaona. Ni kitu kidogo cha maana sana, na wanawe walikirithi. Ila Mbele alichukua rangi nyeupe na Nyuma akachukua nyekundu, wakaongeza sheria ambayo marehemu hakuiweka: hakuna kugusa bolti yenye rangi ya mwenzako. Kwa hiyo kushusha giaboksi katika gereji hiyo ikawa kazi ya zamu. Nyuma anaingia shimoni, anatoa propela, anaondoka. Mbele anashuka, anafanya mambo yake ya giaboksi, anapanda. Nyuma anarudi kufunga propela. Wanapishana kwenye ngazi kama watu wenye kesi mahakamani, na mteja yuko kwenye benchi anakunywa chai akidhani huo ndio utaalamu.

Pikapu ni yangu. Alfajiri napakia mikate kwenye tanuri lililo juu ya kilima, kisha nateremka nayo hadi kwenye maduka ya sokoni, duka kwa duka. Mama huwa kando yangu. Macho yake yamechoka na hawezi kuachwa peke yake nyumbani, kwa hiyo naamka naye, namvalisha sweta, namkalisha dirishani. Kiti cha pikapu ni kimoja kirefu, cha watu watatu waliopendana. Mama hupakata kapu la skonzi na kunipigia soga njia nzima. Nadhani ndiyo saa anayoipenda kuliko zote.

Basi pikapu ikaanza kutetemeka. Mwanzoni kidogo, kama simu inayoita mfukoni. Baadaye kiti kizima kikawa kinacheza, na nikitoka gia ya kwanza kwenda rivasi inagonga go, chini kabisa. Nikapunguza mwendo, na nilipopunguza mwendo nikachelewa. Mwenye tanuri alinivumilia kisha akachoka. Asubuhi ya siku hiyo aliniambia, huku akifunga turubai, kwamba nikichelewa kesho maduka yale anampa mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa amesimama palepale na gari lake safi, anajifanya hasikii.

Kwa hiyo mchana nilienda gereji nikiwa na jambo moja tu kichwani: kesho alfajiri nishuke kilima kile na mikate na mama, kwa mwendo wa kawaida, au nikae nyumbani na pikapu ya mapambo. Niliiweka juu ya shimo. Mama alikataa kushuka. Alisema benchi la gereji lina grisi, na kwamba kwenye kiti chake anasikia vizuri zaidi.

Mbele alikuja kutoka upande wake anafuta mikono. Nyuma alisimama upande wake, mikono kwapani. Niliwaeleza wote wawili kwa pamoja, nikiangalia pipa lililokuwa katikati yao.

"Hiyo ni propela," Mbele akasema. Hakuwa hata ameinama. "Krosi za viungo vyake zimekufa. Kamwambie aliyefunga."

"Mwambie mwenzako," Nyuma akaniambia, "propela nilifunga mimi na haina shida. Giaboksi yake ndiyo imechoka. Gia ya tatu inalia mpaka huku nyumbani tunaisikia ukipita."

"Giaboksi nimeiongezea oili juzijuzi tu. Mwambie."

"Mwulize kwa nini ilihitaji kuongezwa oili, kama ni nzima."

"Mimi si simu," nikasema. "Mnaonana. Midomo mnayo."

Wakanuna wote. Wakinuna wanafanana ajabu, mdomo unavutwa upande uleule, kama baba alipokuwa akipigwa bao kwenye karata. Kutoka dirishani mama akasema, "Inagonga chini ya miguu yangu. Si mbele, si nyuma. Chini ya miguu." Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikumjibu, na hilo linaniuma.

Nilikuwa nimekua katika gereji ile ile. Baba hakunifundisha ufundi, alisema mikono yangu ni ya hasira, lakini alinituma spana miaka yote na masikio yangu yalikuwa wazi. Najua namna alivyokuwa akiliuliza gari swali. Alikuwa hafungui kitu kabla ya kuliendesha. Nikawaambia wapande, wote wawili, tukaliulize. Mama nikamteremsha kwa nguvu ya maneno, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya lango akiwa amekumbatia kapu lake tupu, akinilaumu.

Kupanda kwenyewe kulikuwa vita. Mbele hakukubali kukaa kiti kimoja na Nyuma. Nyuma akasema bora alale nyuma na mavumbi kuliko kunusa kwapa la mtu fulani. Sawa. Nikampa kipande cha nondo, nikamwambia alale kifudifudi kwenye bodi, nondo aisimamishe kwenye sakafu na sikio aliweke juu ya nondo, na akisikia mtikisiko ulipo agonge bodi. Mara moja ukiwa nyuma kwenye difu, mara mbili ukiwa katikati, mara tatu ukiwa mbele. Mbele nikamkalisha kando yangu, kwenye nafasi ya mama, na kumwambia mkono wake ukae kwenye kifimbo cha gia na asiutoe.

"Nisikilize nini?" akauliza.

"Kazi yako."

Barabara ya gereji ni tambarare kwa kitambo, halafu inakatikia kwenye mteremko wa sokoni. Tuliianza taratibu. Nikapanda gia ya tatu, nikakanyaga mafuta, na giaboksi ikaanza kuimba, sauti nyembamba ya kukera. Nikatia gia ya nne, wimbo ukapungua. Nikarudi ya tatu, ukarudi. Nikamwangalia kaka yangu.

"Hiyo ni kiu ya oili," akasema, bila kunitazama. "Si ugonjwa."

"Na oili uliyoongeza imeenda wapi?"

Akageukia dirisha. Nikaongeza mwendo hadi sitini, na hapo ndipo mtikisiko ulipokuja, kiti kikacheza, kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu. Nikashikilia mwendo ule ule, nikatoka gia ya tatu kwenda ya nne. Injini ikapoa, sauti ikashuka. Mtikisiko haukubadilika hata kidogo. Nikakanyaga klachi mpaka chini, nikaiacha pikapu ielee yenyewe kwa mwendo ule, injini inapumua tu. Ukaendelea vilevile.

"Umeona?" nikasema. "Nimebadili gia, haujali. Nimekata injini, haujali. Unafuata magurudumu. Kwa hiyo si injini yako, si klachi yako, si gia zako."

"Nilisema tangu mwanzo," akasema Mbele. Lakini hakusema kwa furaha. Mkono mmoja ulikuwa kwenye gia kama nilivyomwagiza, na mwingine ulikuwa umeng'ang'ania mshikio wa mlango.

Kutoka nyuma zikasikika ngumi mbili kwenye bodi. Katikati. Zikarudiwa: mbili.

Tulikuwa tunakaribia pale barabara inapoanza kushuka. Nilitaka kuujaribu na mteremko, kwa sababu huko ndiko ninakopita kila siku na mzigo. "Geuza hapa," Mbele akasema.

"Bado."

"Nimesema geuza. Huko chini usiende." Alisema kwa sauti ambayo sikuizoea kwake. Kaka yangu ni mtu wa kununa, si mtu wa kuogopa. Nikadhani amechoka kuwa ndani ya gari moja na mdogo wake, nikaguna, nikageuza. Ni mjinga mtu akiwa na hasira, hasikii anachoambiwa, anasikia sauti tu.

Tuliporudi mama alikuwa amesimama langoni. Akapanda zake kwenye kiti chake kabla sijaifikisha pikapu juu ya shimo, na safari hii sikubishana naye. Nyuma akaruka kutoka kwenye bodi, mweupe kwa vumbi, akaniambia mimi, "Ni katikati. Lakini si krosi, krosi inalia kavu. Hii inapiga kama mlango uliolegea bawaba."

"Beringi ya katikati ni ya nani?" nikauliza.

Hapo ningependa ungeona nyuso zao. Propela ya pikapu yangu ni vipande viwili, na pale vinapokutana kuna beringi yenye raba, imeshikwa juu kwenye chesisi kwa bolti mbili. Ikishika, propela inazunguka imenyooka. Isiposhika, bomba zima linacheza. Beringi ile si mbele, si nyuma. Mbele alisema ni ya propela, kwa hiyo si yake. Nyuma alisema sawa ni yake, ila yeye aliikaza, alama ya rangi ipo, na kama imelegea basi kuna mtu aliyekuwa chini ya gari hili baada yake. Wote wawili walibaki palepale wamesimama. Sheria yao ilikuwa imewafikisha mahali ambapo hakuna anayeweza kushuka shimoni bila kuonekana amekubali kosa.

Nikachukua tochi, nikashuka mimi.

Shimo lile lina harufu ya utoto wangu, oili ya zamani na unyevu wa saruji. Nikaanza mbele. Mkia wa giaboksi, pale propela inapoingia, ulikuwa umelowa, oili imechuruzika na kuokota vumbi mpaka imekuwa uji. Sili, ile raba inayozuia oili isitoke, imechoka. Na imechoka kwa sababu propela ilikuwa inaivuta huku na huku kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nyuma ilikuwa inaiua mbele, na mbele ilikuwa inajazwa oili na kufunikwa mdomo. Nikasogeza tochi.

Beringi ya katikati ilikuwa inaning'inia. Niliishika kwa vidole viwili nikaisukuma, ikaenda, ikarudi. Bolti moja imetoka nyuzi kadhaa. Ya pili imetoka zaidi, nadhani hata mtoto angeweza kuimalizia kwa mkono. Alama nyekundu ya Nyuma ilikuwepo kweli kwenye zote mbili, imekatika, nusu kwenye chuma, nusu kwenye kichwa cha bolti, zimeachana kama watu waliogombana.

Damu ikaanza kunichemka juu ya Nyuma, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa za uso, ndipo nikaona rangi nyeupe.

Ilikuwa mistari miwili myembamba, mmoja kwa kila bolti. Haikuwa juu ya nyekundu. Ilikuwa pembeni yake, imevutwa kwa mkono uliotulia, kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma, pale pale bolti ilipokuwa imefikia siku ilipochorwa. Na yenyewe pia ilikuwa imekatika. Bolti zilikuwa zimeendelea kuzunguka baada ya hapo.

Niliiangalia kwa muda. Nilifuta vumbi kwa kidole gumba nikidhani labda ni tone lililodondoka. Rangi haidondoki ikanyooka.

Nikapanda ngazi. Mbele alikuwa anachezea kitambaa chake.

"Ulipoongeza oili ya giaboksi," nikamwambia, "ulishuka shimoni."

"Oili haiongezwi ukiwa juu."

"Ukaziona bolti za katikati."

Akatazama upande wa mapipa. "Zilikuwa zimeshalegea. Mstari wake ulikuwa umekatika kabla mimi sijafika. Ndiyo maana niliweka alama. Asije akasema mimi ndiye niliyelegeza."

"Uliweka alama."

"Ushahidi. Unamjua alivyo. Ningezikaza halafu kikatokea kitu, ningeambiwa ni mimi."

"Spana ulikuwa nayo mkononi?"

Akakikunja kitambaa chake.

"Nauliza, spana ya kufungulia oili, namba yake na ya bolti zile ni moja. Ilikuwa mkononi?"

"Si bolti zangu," akasema.

Nyuma akacheka. Kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyeokota ushindi barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu mapipa yapangwe alizungumza na kaka yake moja kwa moja, na alilomwambia ni "Umepatikana." Nikamgeukia yeye kabla hajafaidi.

"Na wewe. Ulikaza na nini?"

"Na spana."

"Ipi? Bolti za beringi baba alikuwa anazikaza na ile spana ya kupimia, ile inayolia tak ikifika kiasi. Ulikaza na hiyo?"

Kicheko kikaisha. "Hiyo iko upande wake."

"Pipa moja. Kuna pipa moja kati yako na hiyo spana."

"Nimwombe yeye?" Alisema hivyo kabisa, na uso wake ulikuwa umekunjamana kana kwamba nimemwambia ale sabuni. "Nilikaza kwa mkono. Nilikaza sana tu. Na pete za washa zilizokuwa kwenye kopo zilikuwa zake, nikaweka bila."

Nataka uelewe walivyo, kwa sababu watu wakisikia hadithi hii huniuliza kama kaka yangu alitaka kuniua. Hakutaka. Angetaka ningejua la kufanya. Alitaka kuwa na haki. Alitaka siku propela itakapoanguka, watu wakija kutazama, aelekeze kidole chake chini ya gari na kusema, oneni nyekundu, oneni nyeupe, mimi simo. Alishanawa mikono kabla maji hayajamwagika. Na yule mdogo alikuwa radhi gari la dada yake lining'inie kuliko kutamka neno naomba. Propela ikichomoka upande wa mbele gari likiwa kasi mteremkoni, inajisimika kwenye lami na kulinyanyua gari kama mtoto anavyonyanyuliwa kwa fimbo. Tulijua tangu wadogo, sote watatu. Baba alituonyesha gari lililofanyiwa hivyo, na hakuturuhusu kuangalia kiti.

Walijua pia ni nani anayekaa kando yangu kwenye kiti kile.

Nikafungua mlango wa abiria. Mama alikuwa palepale, dirisha wazi, uso umeelekea mbele kama kawaida yake, kapu mapajani. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Panda," nikamwambia Mbele.

"Kwenda wapi?"

"Sokoni. Tunateremka kilima, mwendo wa mikate, tunarudi. Unakaa anapokaa mama."

"Acha utoto. Bolti hazijakazwa."

"Najua. Hata jana hazikukazwa. Hata juzi. Uliziwekea alama, kwa hiyo unazijua vizuri kuliko mimi. Panda."

"Huna akili."

"Panda, kaka."

Nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Dada, ngoja kwanza nizikaze." Nikamwambia anyamaze, zamu yake ya kukaza ilishapita. Mbele alikiangalia kiti. Akaangalia kule barabara inapokatikia mteremkoni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo na hakulifuta, ingawa kitambaa kilikuwa mkononi. Sikuwa na huruma naye hata chembe. Nilikuwa namchukia, na nasema hivyo nikijua ni kaka yangu wa tumbo moja na ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Ndipo mama alipojisogeza. Alilishika kapu kwa mkono mmoja, akajivuta kwa mkono mwingine, taratibu, kutoka dirishani hadi katikati ya kiti, magoti yakabanwa na kifimbo cha gia. Akapapasa nafasi aliyoiacha wazi, akaipangusa kwa kiganja.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Nimekusogezea. Tutakwenda wote."

Hakuwa anamsuta. Ningejua. Mama akisuta sauti inapanda juu. Alikuwa anamkaribisha, kama anavyomkaribisha mtu kwenye mkeka.

Mbele hakupanda. Alisimama pale na mlango uko wazi mbele yake. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa pipa.

Nikapita kando yake, nikaingia upande wake wa gereji bila kuomba ruhusa, nikaitoa spana ya kupimia ukutani ilikoning'inizwa juu ya picha ya marehemu. Nikachota washa mbili kwenye kopo. Nikashuka shimoni. Mikono yangu ni ya hasira, baba alisema kweli, lakini spana ile haijali mkono ni wa nani, inasubiri kiasi tu. Nilitoa bolti ya kwanza, nikavisha washa, nikaikaza mpaka ikalia tak. Nikafanya ya pili. Juu yangu sakafu ya pikapu ilikuwa imetulia, na kwenye upenyo wa shimo niliona viatu vya ndugu zangu, jozi mbili, kila moja upande wake, hakuna aliyesogea. Nikaizungusha propela kwa mkono, ikaenda imenyooka, haikugonga. Rangi sikuweka.

Kabla ya kutoka shimoni nilijaza oili ya giaboksi kadiri nilivyokuwa nayo ili inifikishe. Sili nilikuja kuibadilisha kwa fundi mwingine, mtu baki, asiye na undugu na gari. Spana ya kupimia niliiweka nyuma ya kiti na ndiko iliko mpaka leo. Walipoona naondoka nayo walinipisha.

Alfajiri ya kesho yake nilipakia mikate kwa wakati. Yule mwenye gari safi alikuwepo, akaangalia, akaondoka. Kabla ya hapo, nyumbani, nilimvalisha mama sweta, nikamfungulia mlango, naye akapanda na kujivuta mpaka katikati, akaacha dirisha.

"Kaa kwako, mama," nikamwambia. "Hapo unabanwa na gia."

"Si amesema bolti hazijakazwa? Sasa zimekazwa," akasema. "Tukipita gereji punguza mwendo. Huenda akapanda."

Sikupunguza. Kila alfajiri tunapita pale na sipunguzi, na yeye kila alfajiri anakaa katikati na kiti cha dirishani kiko tupu. Nikirudisha gia ya pili kuingia mteremkoni, mkono wangu unagonga goti lake. Hasogei.